Ukoka wa Goli la Ziwani

Kwetu Kyela mtu hulima kitu cha kula au cha kuuza. Mpunga, kakao, ndizi, na aliyebakiwa na kipande cha ardhi huweka michikichi. Baba yangu alilima nyasi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitunza uwanja wa mpira wa shule moja upande wa Mwaya, karibu na ziwa, na mimi binti yake wa kwanza nilikua nikitaniwa kisimani: "Wewe si mtoto wa yule anayelima chakula cha ng'ombe halafu anawafukuza ng'ombe?" Nilicheka pamoja na wenzangu, maana ukinuna ndiyo wanazidi. Lakini moyoni nilimwonea baba aibu, na sikuacha kumwonea aibu mpaka siku alipoanguka.

Nyasi zenyewe ni ukoka, ule wa kawaida unaotambaa na kung'ang'ania ardhi kwa vifundo vyake. Baba aliufyeka kwa slesha kila baada ya siku chache, tena kwa mistari iliyonyooka, akirudi nyuma hatua moja moja. Alikuwa na taratibu zake ambazo hakumweleza mtu. Kabla ya kuweka mbolea alichuchumaa katikati ya uwanja, akachomeka kidole gumba ardhini chote mpaka kwenye kitako chake, akafumba macho na kutulia hivyo kwa muda. Siku nyingine aliinuka akaenda kuleta mbolea, akaichanganya na mchanga mkavu ndani ya beseni na kuinyunyiza kidogo kidogo. Siku nyingine alijifuta kidole kwenye suruali na kurudi zake nyumbani, na mfuko wa mbolea ukakaa stoo mwezi mzima.

Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani anatafuta funza. Na hata angenieleza, nadhani ningemsikiliza kwa sikio moja, kwa sababu mimi ni mtu wa mpunga na mbolea naijua. Kwenye mpunga unaangalia jani. Jani likigeuka njano, unachukua ndoo, unaingia kwenye jaruba, unarusha konzi kulia, konzi kushoto, na ndani ya wiki mbili shamba zima limebadilika rangi. Ndivyo alivyonifundisha mama yangu, na mama yake kabla yake. Hakuna mwanamke kwenye majaruba yetu aliyewahi kuiuliza ardhi kitu kwa kidole.

Mwaka ule mafuriko yalikuja Aprili. Sisi mafuriko tumeyazoea, tunajua ni kitanda gani cha kuinua na ni kuku gani wa kupandisha darini. Mto ulipasua kingo, maji yakalala uwanjani siku sita, na yalipoondoka yaliacha tope na mchanga vilivyofunika ukoka wote. Pabaya zaidi palikuwa mbele ya goli la upande wa ziwa, ambapo mchanga ulifika kwenye kifundo cha mguu. Nyumba ya baba iko nyuma ya goli hilo hilo, hatua chache tu. Walimu walimwambia asubiri nguvu kazi ya wanafunzi shule ikifunguliwa. Hakusubiri. Alichukua chepe na toroli, na umri wake ule, akaanza kuhamisha mchanga peke yake.

Nilikuwa nafukuza ndege kwenye mpunga wangu wakati jirani yetu, mama mmoja ambaye tumelima naye tangu usichana, alipokuja mbio akinipungia khanga kutoka mbali. Tulimkuta baba amelala kifudifudi golini, chepe bado mkononi. Nilipomgeuza, nusu ya uso wake ilikuwa imelegea na tope limemwingia mdomoni. Nililitoa kwa kidole, kama nilivyokuwa nikiwatoa wanangu udongo walipokuwa wanatambaa. Hospitali wakasema ni kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na maneno yote yamekwenda.

Tulipomrudisha nyumbani nilihamia kwake, maana mama alishatangulia na wadogo zangu wako mbali. Tulisogeza kitanda chake dirishani, na dirisha lake linaangalia goli la ziwani. Lile bonge la mchanga likawa ndilo kitu cha kwanza anachokiona asubuhi na cha mwisho anachokiona jioni. Niliona machozi yakimtoka upande ule mzima wa uso, na mdomo wangu, ambao haujawahi kunifaa kitu, ukafunguka. "Tata," nikamwambia kwa Kinyakyusa, "goli hilo utaliona la kijani tena kabla ya jambo lolote. Nakuahidi." Aliniminya mkono kwa kile kiganja cha kushoto. Tangu hapo nilikuwa na kazi moja tu duniani.

Mwezi wa Juni nilipomaliza kuvuna niliuondoa mchanga wote, toroli kwa toroli. Chini yake ukoka ulikuwa umepauka kabisa, mweupe wa kuelekea njano, lakini nilipovuta shina moja lilikataa kutoka. Nilikimbia nalo dirishani kumwonyesha baba mzizi wake. Akaitikia kwa kichwa kwa furaha, nami nikajiona mtaalamu.

Kisha hakikutokea kitu. Ule ndio msimu wetu wa baridi; watu wa Tukuyu kule milimani wangetucheka kuiita baridi, lakini upepo wa mwera ulikuwa unavuma kutoka ziwani kila siku na asubuhi ardhi ilikuwa inauma nyayo. Ukoka ulikaa vile vile wiki baada ya wiki. Nikaenda mjini, Mbugani, kununua mfuko wa mbolea ya kukuzia, nikauleta kwa bajaji, nikausimamisha dirishani ili baba auone. Akatikisa kichwa kukataa. Nikadhani hajaelewa, nikamsomea maandishi ya mfuko. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka mate yakamtoka. Niliurudisha stoo nikinung'unika kwamba hata sauti hana na bado anaamrisha. Nilisema kwa sauti ya chini, ila sina hakika kwamba hakunisikia.

Bwana shamba wa kata yetu alipita wiki ile. Ni kijana kutoka Singida, mpole, amekuja kikazi na hajazoea bado hata samaki wetu. Alinisalimu shikamoo akachuchumaa golini. "Mzee yuko sahihi, mama," akasema. "Udongo umepoa, nyasi zimesinzia. Mizizi haili. Ukiweka sasa, unaitupa tu. Ngoja ardhi ipate joto kidogo." Nilimkubalia kwa sababu hakuwa peke yake, alikuwa na baba upande wake.

Na kweli, Agosti jua liliporudi ardhi ikapata uvuguvugu, na ukoka ukaamka. Sijui nieleze vipi furaha ya siku zile. Kila asubuhi nilikwenda golini kuona umetambaa mpaka wapi, kisha nikarudi kumwonyesha baba kwa vidole: leo umefika hapa, jana ulikuwa hapa. Alinifuatilia kwa macho yake yote mawili. Kama ningekuwa na akili ningeiweka mbolea wakati ule, jioni, kidogo, na mchanga, kama alivyokuwa akifanya yeye. Lakini niliona mambo yanakwenda vizuri yenyewe, na mtu wa mpunga haweki mbolea kwenye jani la kijani. Nilisubiri jani liniambie.

Jani liliniambia Oktoba. Mtu asiyejua Oktoba ya kwetu sina la kumwambia. Hakuna mvua, visima vimeshuka, saa nne asubuhi mbwa wanatafuta kivuli, na mchanga ule uliokuwa umechanganyika na udongo wa goli ulikuwa unashika moto kama kikaango. Ukoka ukasimama. Kisha ukaanza kuwa njano, kwanza ncha, kisha jani zima, na katikati pakabaki kipara ambacho ulikuwa haujakifunika.

Baba naye alikuwa anakwisha. Alikuwa ameacha ugali, akaacha ndizi, akabaki na uji, na hata huo alimeza vijiko vitatu vinne akafunga mdomo. Muuguzi wa zahanati alikuja kumsafisha vidonda vya mgongo. Alipomaliza alinivuta mpaka mlangoni akaniambia taratibu, "Mama, jiandaeni." Nilisimama pale mlangoni nikiangalia goli la njano, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Sikuogopa kifo, kifo nilikuwa nimeshakiona kinakuja. Niliogopa ahadi yangu.

Nikatoa mfuko stoo. Bwana shamba alinikuta nikiuburuta, akashuka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. "Mama, usiweke sasa. Ardhi ni ya moto mno. Subiri mvua zinyeshe mara mbili tatu, ndipo uweke. Kwa sasa acha tu, ukoka hauwezi kufa kwa njano hiyo, unajificha." Nilimjibu kwa maneno ambayo nayasikia mpaka leo. Nilimwambia, "Mwanangu, kwenu mnalima mtama na alizeti. Huku tumeshika mbolea kabla hujazaliwa." Alicheka kwa adabu, akasema, "Sawa mama," akawasha pikipiki akaondoka.

Kesho yake asubuhi nilimwita jirani yangu anisaidie. Tulifanya kama tunavyofanya shambani. Tuliinua vituta vidogo kuzunguka eneo lote la goli ili maji yasitoroke, tukawa na jaruba dogo safi kabisa. Kisha nikachukua ndoo ya mbolea nikaanza kurusha, konzi kulia, konzi kushoto, nikirudi nyuma, mkono ukienda wenyewe kwa mazoea ya miaka arobaini. Sikuchanganya na mchanga. Nilirusha kwa ukarimu, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu nilikuwa nampenda baba yangu. Baada ya hapo tukamwaga maji, ndoo kumi, kumi na tano, tukitazamia yatatuama kama kwenye mpunga. Yalizama pale pale. Ardhi iliyanywa hata kabla povu halijapasuka, na saa tano hapakuwa na unyevu wowote juu.

Ndipo tuliposikia kugonga. Baba alikuwa anagonga nondo za dirisha kwa kikombe chake cha bati, kwa ule mkono wa kushoto, kwa nguvu ambayo hatukujua kwamba bado anayo. Koo lake lilikuwa linatoa sauti. Jirani yangu akaachia ndoo akasema, "Dada, mwone mzee! Leo amefurahi!" Akapiga kigelegele. Mimi nikainua mkono wote wenye vumbi la mbolea, nikampungia. Nilicheka, nikampungia tena, nikachota konzi nyingine nikarusha ili aone vizuri.

Aligonga muda mrefu. Sisi tuliendelea na kazi.

Adhuhuri harufu ilianza kupanda kutoka ardhini, harufu kali ya mkojo uliolala, ikatuchoma macho. Hata hapo sikushtuka. Nilinawa nikaingia ndani. Kikombe kilikuwa sakafuni kimebonyea, na uso wa baba umelowa. Nikamfuta kwa khanga nikamuuliza, "Umefurahi, tata?" Akafumba macho. Nilikaa pembeni ya kitanda nimeridhika, nikanywa chai.

Siku ya pili ukoka ulikuwa na rangi ya majani makavu ya migomba. Siku ya tatu ulikuwa wa kahawia, na kila mahali mkono wangu ulipopita palionekana: upinde baada ya upinde, konzi kulia, konzi kushoto, zimechorwa ardhini mbele ya goli kwa mwandiko wangu. Nje ya vituta vyetu, ambako sikufika, ukoka ulikuwa bado ni njano ile ile, hai. Nilibeba maji siku mbili mfululizo kuosha ile mbolea, mpaka mabega yakavimba. Nilivuta shina moja. Lilitoka bila kubisha, na mzizi wake ulikuwa mweusi.

Bwana shamba alikuja. Angenisema ningeshukuru, lakini hakunisema. "Mpunga wako una maji miguuni, mama," akaniambia akiangalia pembeni. "Mbolea inayeyuka, na udongo wa chini ya maji umepoa. Hapa ni kama umemwaga chumvi kwenye kidonda." Nikamwomba msaada mwingine, kwa sababu baba alikuwa ananionyesha kwa mkono kwamba anataka kutoka nje. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki tukambeba mimi na yeye mpaka golini. Hakuwa na uzito wowote.

Tulimweka pale penye pinde. Baba aliangalia muda, kisha akanishika mkono. Niliinama nikidhani anataka kuninong'oneza, nikasahau kwamba hana maneno. Akakishika kidole changu gumba, akakielekeza chini, na macho yake yakaniambia nipige magoti. Nikapiga. Nikakichomeka kidole ardhini mpaka kwenye kitako. Mwanzoni haikuwa kitu, joto tu. Kisha likaanza kupanda, na kabla sijahesabu hata tano nilikichomoa nikakitia mdomoni. Baba aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba sasa amejua. Ningependelea anipige.

Miaka thelathini na zaidi nilimwona akifanya vile kwa macho yangu. Ningeuliza mara moja tu.

Tukamrudisha ndani. Nilitaka kukigeuza kitanda kiangalie ukuta, akakataa, akashika nondo ya dirisha. Aliishi siku tisa zaidi, na siku zote tisa alikuwa anaangalia nje. Nilimlisha uji nikiwa nimelipa dirisha mgongo. Siku ya kumi asubuhi alikuwa amepoa, na macho yake yalikuwa upande ule ule.

Watu walikuja wengi, mpaka wa kutoka Ngana, watu ambao walicheza mpira pale wakiwa wanafunzi na sasa wana mvi. Nyumba haikutosha, uani hapakutosha, wakakaa uwanjani. Wanaume walikaa golini kabisa, juu ya pinde zangu, kwa sababu hapakuwa na nyasi za kuharibu. Kila aliyeingia aliniambia "ndaga fijo", pole sana, akanishika mkono, nami nikawapa mkono ule ule. Jirani yangu alikuwa analia kwa sauti kubwa jikoni. Sijui kama alikuwa anakumbuka kigelegele chake. Hatujawahi kukizungumzia, na sasa hatuangaliani machoni tukiwa kisimani.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, pembeni ya mama. Nilikwenda kuwapelekea wachimbaji maji ya kunywa. Walikuwa wameshafika chini, na udongo waliokuwa wanautupa juu ulikuwa mweusi na mzito. Sikujua kwamba nitafanya vile. Nilichuchumaa nikachomeka kidole kwenye lile rundo, nikahesabu mpaka kumi, nikahesabu tena. Ulikuwa umepoa, wa kupendeza, ule hasa ambao baba angeufurahia. Mmoja wa wachimbaji akaniambia, "Dada, inuka, utachafuka," na nikainuka.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba. Zilinyesha mara mbili, mara tatu, kama yule kijana alivyosema, na ardhi ikatulia. Ule ukoka wa njano, nilioukosa kwa mkono wangu, ulivuka vituta ukaanza kuingia kwenye pinde. Sikuugusa. Sikuweka kitu, sikumwaga maji, sikwenda hata kuutazama; nilikuwa naupita nikielekea shambani huku nimeinamisha uso. Kufikia Januari goli la ziwani lilikuwa limefunikwa lote, kijani cha kuiva, zuri kuliko goli la pili. Walimu wakanipongeza. Wakaniambia nimerithi mkono wa baba, na wakaniomba niendelee na kazi yake. Nimekubali, kwa sababu sikupata maneno ya kukataa. Napima kwa kidole sasa. Siku nyingi nakichomoa, najifuta kwenye khanga, narudi nyumbani.

Wakati mwingine mtu husimama pale golini akaniuliza niliweka mbolea gani mpaka pakawa hivi. Namwambia sikuweka kitu, naye hucheka akidhani namficha. Lakini ni kweli, na ndiyo inayonila. Mvua ilikuwa inakuja yenyewe. Baba hakuwa wa kuifikia, hilo muuguzi alishaniambia mlangoni. Kama ningekaa na mikono yangu mapajani mwezi ule mmoja, angekufa akiangalia nyasi za njano zinazongoja mvua, na alizijua nyasi hizo, alijua kwamba zitarudi. Alikufa akiangalia kazi ya mkono wangu, na mimi nilikuwa nimempungia.